Mguu wenye kasoro ya vena si jipu la kutumbua

Upo uvimbe ambao ukiubonyeza unanywea, ukiuachia unajaa tena polepole kama sponji iliyorudishwa majini. Mwenye nao akilala na kuegemeza mguu ukutani, unapungua. Akisimama kwenye foleni nusu saa, unavimba na kuuma. Chini ya ngozi una rangi ya buluu, hauna joto, na ukiweka kidole juu yake hausikii mdundo wowote. Hivyo ndivyo inavyoonekana kasoro ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, katika mguu au mkono, na kuitambua hakuhitaji mashine, kunahitaji mkono wa daktari na dakika tano za utulivu. Hata hivyo wengi wenye tatizo hili hufika utu uzima wakiwa wamekwisha kubatizwa majina manne au matano: mafuta, varikosi (vena zilizotanuka na kujipinda), hemanjioma, misuli iliyochanika, hata baridi yabisi.

Nina hoja moja kuhusu ugonjwa huu. Dawa zinazidi kupatikana na sindano zinazidi kuwa salama, lakini mazoea yetu ya kutibu hayajabadilika. Mtu anazaliwa na kasoro hii, anakua nayo na anazeeka nayo, ila tunaitibu kama tukio: tarehe ya upasuaji, mshono, kuruhusiwa kurudi nyumbani, faili kufungwa. Miaka miwili baadaye uvimbe umerudi, na safari hii una kovu juu yake.

Tuanze na jina, maana hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia. Mwaka 1982, John Mulliken na Julie Glowacki walichapisha utafiti uliotenganisha vitu viwili vilivyokuwa vikiitwa kwa jina moja kwa vizazi. Cha kwanza ni hemanjioma ya utotoni, uvimbe ambao seli zake huzaliana kwa kasi katika miezi ya mwanzo ya mtoto, kisha hupoa na kunyauka wenyewe kwa miaka. Cha pili ni kasoro ya mishipa, yaani mishipa iliyojengeka vibaya tumboni mwa mama. Hii haizaliani kwa fujo wala hainyauki. Hukua sambamba na mtoto, na mara nyingi huchachamaa wakati wa balehe au ujauzito. Mgawanyo huo ndio msingi wa orodha rasmi ya ISSVA, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa kasoro za mishipa, iliyopitishwa mwaka 1996 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo.

Ungedhani jambo lililoelezwa mwaka 1982 limeshazoeleka. Uchambuzi wa machapisho ya kitabibu uliotolewa mwaka 2011 ulikuta kwamba neno hemanjioma lilikuwa limetumiwa vibaya katika asilimia 71 ya makala zilizopitiwa. Hao ni waandishi wa majarida ya kitaalamu, sembuse daktari wa zamu anayeona mguu wa aina hii mara moja katika miaka mitatu. Kwa mgonjwa hili si suala la ubishi wa istilahi. Mzazi akiambiwa mwanawe ana hemanjioma, ushauri unaofuata ni kusubiri iishe yenyewe, au kumpa propranololi, dawa ambayo kweli hufanya kazi nzuri kwa hemanjioma ya utotoni. Kwa kasoro ya vena, propranololi haisaidii na kusubiri hakumalizi kitu. Mtoto anafika darasa la saba akiwa bado anasubiri.

Kwa nini mishipa hii hujengeka hivi? Vena yenye afya ina ukuta wenye safu ya misuli laini inayoishikilia isitanuke kupita kiasi. Katika kasoro hii, seli za ndani ya mshipa hubeba mabadiliko ya jeni yanayozifanya zitume ishara muda wote, kama swichi iliyokwama ikiwa imewashwa, na matokeo yake misuli ile haijipangi vizuri kuzizunguka. Ukuta unabaki mwembamba, wenye mapengo, nao unatanuka kwa uzito wa damu tu. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba takriban nusu ya kasoro za vena zisizo za kurithi zina mabadiliko kwenye jeni ya TEK. Baadaye ikaonekana kwamba sehemu nyingine, kama moja ya tano, ina mabadiliko kwenye jeni ya PIK3CA. Mengi ya mabadiliko haya hutokea baada ya mimba kutungwa, katika seli moja ya kijusi, ndiyo maana kasoro hukaa kwenye kigimbi cha mguu mmoja na kuuacha mwingine salama. Nalisisitiza hili kwa sababu akina mama hubeba lawama isiyo yao. Hakuna alichokula, alichobeba wala alichokiogopa akiwa mjamzito kilichosababisha.

Makadirio yanayonukuliwa sana ni mtoto mmoja au wawili kwa kila watoto 10,000 wanaozaliwa, na kama mbili kwa tano ya kasoro hizi hukaa kwenye miguu na mikono. Idadi hiyo ni ndogo kiasi cha daktari wa kawaida kutojenga uzoefu, lakini si ndogo kiasi cha kudai kwamba haijulikani.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, kila anayekusudia kushika mguu huu angepaswa kulijua kabla ya kushika kisu. Damu iliyokwama kwenye vidimbwi hivi huganda kidogo kidogo. Huganda, huyeyuka, huganda tena. Ndiyo chanzo cha yale maumivu ya ghafla, ya kipande kigumu kilichojitokeza usiku na kukaa wiki moja. Ndiyo chanzo pia cha vijiwe vidogo vya duara vinavyoonekana kwenye eksirei, alama ambayo ikionekana ndani ya uvimbe laini karibu inataja ugonjwa kwa jina. Kwa takriban wagonjwa wanne kati ya kumi, kipimo cha damu kiitwacho D-dimer, kinachoonyesha kwamba damu inaganda na kuyeyuka mwilini, huwa juu hata wakiwa wamekaa tu. Kasoro ikiwa kubwa, faibrinojeni, protini ambayo mwili huitumia kugandisha damu, nayo hushuka kwa kuwa inaliwa mguuni usiku na mchana.

Mtego uko pande mbili. Daktari wa dharura anaona D-dimer ya juu na mguu uliovimba, anahitimisha ni bonge la damu kwenye vena za ndani, na mgonjwa anaanza matibabu ya kitu asichokuwa nacho. Upande wa pili ndio unaoua. Daktari wa upasuaji hapimi kabisa, anaanza kukata, na mgonjwa ambaye protini zake za kugandisha zilishapungua anavuja damu isiyosimama mezani. Kinga yake inajulikana: pima D-dimer, faibrinojeni na chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia kugandisha) kabla ya kugusa, na kwa wenye kasoro kubwa toa heparini yenye molekuli ndogo, dawa ya kuzuia damu isigande, siku kadhaa kabla na baada ya tiba. Heparini hiyo hiyo hutuliza maumivu kwa wagonjwa wengi, kwa sababu maumivu yenyewe yanatokana na kuganda. Dawa za kawaida za maumivu hazigusi chanzo hicho.

Hatari ya namna nyingine imo katika ugonjwa ulioelezwa na Wafaransa wawili, Maurice Klippel na Paul Trénaunay, mwaka 1900. Hapa mguu huwa na alama nyekundu ya ngozi kama divai iliyomwagika, vena zilizotanuka, na mifupa na nyama zilizokua kupita mguu wa pili. Mara nyingi upande wa nje wa mguu hupita vena nene ya kijusi ambayo ilitakiwa ipotee kabla ya kuzaliwa lakini ikabaki. Mtu akiiona hufikiri ni varikosi tu na kutaka kuing'oa. Subiri kwanza. Kwa baadhi ya wagonjwa hawa vena za ndani kabisa za mguu ni nyembamba au hazipo sehemu fulani, na mshipa ule mbaya wa juu ndio njia ambayo damu yote inapita kurudi moyoni. Kuing'oa bila ultrasaundi ya Doppler, inayoonyesha damu inavyopita, na picha ya MRI ni sawa na kubomoa daraja la miti kabla ya kuuliza kama la zege lilishajengwa. Lakini vena za ndani zikithibitika kuwa zima, hesabu inageuka. Vena hiyo pana ni ghala la mabonge ya damu yanayoweza kusafiri hadi kwenye mapafu, na kuifunga mapema ni busara. Mshipa ni ule ule, hukumu ni mbili, na kinachoamua ni picha.

Katika tiba zenyewe, nitaanza na ile isiyopendwa na mtu: soksi ya kubana. Hubana vidimbwi visijae, damu inapungua kukwama, kuganda kunapungua, maumivu yanapungua. Haina maajabu. Pia haikai vizuri ikinunuliwa kwa kukisia. Lazima mguu upimwe asubuhi kabla haujavimba, lazima ibadilishwe kila baada ya miezi kama sita kwa kuwa mpira hulegea, na mtoto akikua huhitaji nyingine mapema zaidi. Inaleta joto na kujikuna, na kijana wa miaka 14 hataki kuonekana nayo. Nimeona watu wakitajiwa soksi kwa sentensi moja mlangoni, daktari akiwa ameshashika faili la mgonjwa anayefuata, kisha wakaandikwa kwamba hawafuati masharti. Tiba inayotakiwa kuvaliwa kila siku kwa miaka inastahili mazungumzo marefu kuliko operesheni ya saa mbili, nasi tunafanya kinyume. Kuna aina moja ambayo kubanwa huiumiza, ile ya vinundu vya buluu vyenye seli za glomasi, ambayo mara nyingi hurithiwa katika familia. Mgonjwa akisema soksi inamtesa, tumsikilize kabla ya kumkaripia, huenda anatupa jina la ugonjwa wake.

Soksi isipotosha, zinafuata sindano za kukausha mishipa. Mtaalamu wa radiolojia huingiza sindano kwenye kidimbwi akiongozwa na ultrasaundi na eksirei, kisha hupiga dawa inayounguza ukuta wa ndani ili ujikunje na kuziba. Ethanoli ndiyo yenye nguvu kuliko zote na ndiyo katili kuliko zote. Ikivuja huua ngozi na neva, na ikikimbilia kwenye mzunguko wa damu kwa wingi inaweza kuusimamisha moyo, kwa hiyo kipimo chake hakizidi mililita 1 kwa kila kilo ya uzito, na wengi hubaki mbali na kikomo hicho. Polidokanoli na tetradesili hutumiwa kama povu, mbinu iliyoenea baada ya Lorenzo Tessari kueleza mwaka 2000 namna ya kulitengeneza kwa mabomba mawili ya sindano na kiungio cha njia tatu. Povu huisukuma damu pembeni na kugusa ukuta wenyewe badala ya kuyeyuka ndani ya damu. Bleomisini, iliyotoka kwenye tiba ya saratani, haivimbishi sana, kwa hiyo inapendwa mahali penye nafasi finyu, lakini jumla ya kipimo chake maishani lazima ihesabiwe kwa sababu ya madhara kwenye mapafu.

Mgonjwa anapaswa kuambiwa nini kuhusu sindano hizi? Kwamba mguu utavimba zaidi kabla ya kupungua. Kwamba raundi moja mara chache hutosha. Kwamba wengi hupata nafuu ya maumivu, lakini wachache huona uvimbe ukitoweka wote, na mishipa iliyozibwa inaweza kufunguka tena baada ya miaka. Hili la mwisho hufichwa mno, nadhani kwa nia njema ya kutomvunja mtu moyo. Matokeo yake mgonjwa anayerudi mwaka wa nne hudhani tiba ilishindwa, kumbe ilimpa miaka minne ya kutembea.

Kisu nacho kina nafasi yake, na hapa lazima nikiri kwamba hoja yangu ya subira ina mipaka. Kasoro ikiingia ndani ya kiungo, hasa goti, kusubiri ni kosa. Damu inayovujia gotini mara kwa mara hula gegedu, na mtoto anayechechemea leo anaweza kuwa na goti la mzee kabla hajamaliza shule. Goti linaweza kukosa mkunjo kamili kabla uvimbe haujaonekana nje, kwa hiyo anayetazama ngozi peke yake atachelewa. Hapo kuondoa tishu iliyoathirika mapema ndiyo tiba. Vivyo hivyo kwa uvimbe mdogo wenye mipaka wazi, unaotoka wote bila kuchukua msuli unaohitajika. Na kuna hali iliyotambuliwa kwa jina lake, FAVA, mwaka 2014, ambapo mafuta na nyuzi ngumu hujaza msuli wa kigimbi pamoja na vena mbovu. Kisigino huanza kuinuka chenyewe, maumivu hayalingani na ukubwa wa uvimbe, na sindano za kukausha husaidia kidogo kwa kuwa kilichojaa si damu. Kuigandisha kwa baridi kali kupitia sindano, au kuikata, huleta nafuu kubwa zaidi. Kuendelea kupiga povu mguu wa aina hiyo mara sita, saba, kwa sababu ndiyo mashine iliyopo chumbani, ni ukaidi tu.

Upande wa vidonge ndiko matumaini yalikohamia. Sirolimasi ilitokana na bakteria aliyepatikana kwenye udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, uliochukuliwa na msafara wa kisayansi katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1999 iliidhinishwa Marekani kuzuia mwili usikatae figo iliyopandikizwa. Ikaja kugundulika kwamba inapunguza makali ya ile ishara iliyokwama kwenye seli za vena, na mwaka 2015 utafiti ulionyesha inasaidia panya wenye mabadiliko ya TEK pamoja na wagonjwa wachache waliokuwa wameshindikana kwa njia nyingine. Inapunguza maumivu, kuvuja damu na vurugu za kuganda. Haifuti uvimbe. Inaleta vidonda vya mdomo na kupandisha mafuta kwenye damu, na dalili mara nyingi hurudi mtu akiacha. Alpelisibu, dawa ya saratani ya matiti, inalenga PIK3CA moja kwa moja. Mwaka 2018 timu ya Guillaume Canaud jijini Paris ilieleza wagonjwa 19 wenye ukuaji wa kupita kiasi unaotokana na jeni hiyo, na wote walipata nafuu. Mwezi Aprili 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha kwa njia ya haraka kwa wagonjwa wa kundi hilo kuanzia miaka 2, wenye hali kali inayohitaji dawa ya mwili mzima.

Nafurahia maendeleo haya, ila nina wasiwasi nayo. Kidonge kina mvuto kuliko sindano, kama sindano ilivyokuwa na mvuto kuliko soksi. Mtoto wa miaka mitano mwenye uvimbe mdogo wa kifundo cha mguu, anayecheza mpira bila kulalamika, hahitaji dawa inayogusa ukuaji na kinga yake kwa miaka kwa sababu tu jeni yake imepata jina. Na kipimo cha jeni kinachofanywa kwenye damu mara nyingi hakifai kitu hapa. Kwa wengi mabadiliko yamo kwenye tishu ya mguu, ndiko kipande kinakotakiwa kuchukuliwa. Familia nyingi huletewa majibu kwamba jeni ni safi, zikaondoka zimechanganyikiwa zaidi ya zilivyokuja.

Basi mafanikio yapimwe kwa nini? Madaktari huweka picha mbili za MRI bega kwa bega na kuhesabu asilimia iliyopungua. Mgonjwa anahesabu ngazi alizopanda, usiku aliolala bila kuamka, siku alizokosa kazini. Hesabu hizi mbili hazikubaliani kila mara. Uvimbe unaweza kupungua nusu na maumivu yakabaki pale pale, au picha isibadilike na mtu akarudi kucheza. Ningependa kila tiba ianze kwa sentensi moja iliyoandikwa na mgonjwa mwenyewe: nataka kusimama kwa muda wa saa nne kazini, nataka kuvaa kiatu cha kawaida, nataka kulala. Sentensi hiyo ikitimia, sindano zisimame hata kama picha bado inaonyesha kasoro, na isipotimia baada ya raundi mbili tatu, njia ibadilishwe badala ya dozi kuongezwa.

Yapo mambo mengine ambayo hakuna idara moja inayoyamiliki, na ndiyo maana huanguka katikati. Msichana mwenye kasoro kubwa anayeandikiwa vidonge vya uzazi vyenye estrojeni anaongezewa hatari ya kuganda damu, na aliyempa huenda hajui lolote kuhusu mguu wake. Mjamzito anahitaji mpango wa heparini kabla ya miezi ya mwisho, si siku ya kujifungua. Mtoto ambaye mguu mmoja unakua haraka anapaswa kupimwa urefu wa miguu kila mwaka, kwa sababu kuzuia sahani ya ukuaji ya mfupa kunawezekana tu akiwa bado na miaka ya kukua. Akishabalehe dirisha hilo limefungwa, inabaki soli ya kuinua au kukatwa mfupa. Fiziotherapia ya kifundo ianze kabla kisigino hakijainuka.

Mwenye mguu huu atakutana na madaktari wengi wasiouelewa, hilo halikwepeki kwa ugonjwa adimu. Ndiyo maana natetea barua ya ukurasa mmoja, iliyoandikwa na timu inayomfuatilia, akae nayo mfukoni na kwenye simu. Iandikwe jina kamili la kasoro na mahali ilipo, kama vena za ndani zipo au hazipo, D-dimer yake ya siku za kawaida ili daktari wa dharura awe na cha kulinganisha, jumla ya bleomisini aliyokwisha kupata, kipimo cha heparini anachohitaji kabla ya upasuaji wowote, na namba ya simu ya mtu mmoja anayepokea.